Je, wajua ni nani anayewalipa wamisionari vijana wa Mormoni?

Ukiwa Kampala au Jinja, hapa Uganda, umewaona: vijana wawili wawili, shati jeupe, tai, beji nyeusi kifuani, wanakwenda kwa miguu juani. Ni wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Wavulana hutumikia miezi 24, wasichana 18.

Kwa miaka mingi niliamini wanapokea mshahara wa dola kutoka Marekani. Nilimwambia hivyo binamu yangu tukingoja rolex, ile chapati ya kuviringisha na mayai, kibandani, naye akaniuliza nani kaniambia. Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa nimesikia tu kwamba kila mwezi ofisi ya misheni huwapa pesa za chakula na usafiri, na kodi ya nyumba hulipwa na ofisi hiyohiyo. Hilo ni kweli. Nilichokosea ni kuliita mshahara, kwa sababu kijana mwenyewe, au familia yake, ndiye anayechangia kila mwezi ili atumikie. Mwanafunzi wa bweni hula posho, yaani ugali, na maharagwe ya shule, lakini hatusemi shule inamlipa. Karo ilitoka nyumbani kwanza.

Kinachonivutia zaidi ni namna mchango wenyewe unavyopangwa. Zamani kila mmoja aligharamia maisha ya mahali alikopelekwa. Aliyeitwa Tokyo aliumia, aliyeitwa nchi ya gharama nafuu alipumua, na hakuna kati yao aliyechagua, maana mmisionari hupangiwa kituo. Fikiria umefika stendi ya Kampala, kondakta akuingize garini bila kukuuliza uendako, kisha akudai nauli ya Arua iliyo mbali huku mwenzako akidaiwa ya Jinja iliyo karibu. Ungelalamika, na ungekuwa na haki. Basi tangu 1991 nauli ni moja. Wote hutia kwenye kapu moja, na kapu ndilo linalojua Tokyo inahitaji kiasi gani na Kampala kiasi gani. Kwa wanaotoka Marekani kiwango kilikuwa dola 400 kwa mwezi, kikapanda hadi 500 Julai 2020. Kwa miezi 24 hizo ni dola 12,000, kutoka kwa kijana ambaye mara nyingi ndiyo kwanza amemaliza sekondari. Wengi huanza kuweka akiba wakiwa watoto.

Nauli hiyo moja ni ya vijana tu. Wanandoa wazee wanaokwenda misheni hujigharamia kulingana na kituo chao. Wala dola 500 hazidaiwi kwa kila kijana duniani: anayetoka familia ya Uganda yenye kipato kidogo hutoa anachoweza, na pengo huzibwa na mfuko wa jumla wa wamisionari, unaojazwa na michango ya waumini ambao huenda hawatamwona maishani. Kwa hiyo kati ya wale wawili wanaopita mtaani kwako, mmoja anaweza kuwa Mmarekani aliyeuza gari lake, mwingine Mwafrika mwenzetu aliyebebwa na kapu, na jioni wanapika chungu kimoja.