Daftari la mauzo si daftari la pesa

Simu ilikuwa ya nne mwaka huu, na maneno ni yale yale. "Mwanangu, daftari lasema nimeuza, pesa sizioni. Njoo unihesabie kijana ameniibia ngapi."

Aliyepiga ni mama mwenye duka la leso Biashara Street, Mombasa, auza jumla na rejareja. Kijana ni mpwa wake, mtoto wa kakake. Nilipofika alikuwa ameshamrudisha kwao, na kwenye kaunta kulikuwa na daftari moja kubwa jeusi, juu limeandikwa MAUZO. Alikuwa amejumlisha mwezi mzima mwenyewe, tena hakukosea hata shilingi: 559,400. Zilizoingia mwezi huo, droo na M-Pesa pamoja, ni 373,000. Hesabu yake ilikuwa fupi. Toa hii kwa ile, 186,400 zimeibiwa.

Nilifungua kurasa mbili tu. Tarehe 7: "Mama wa Ukunda, korija 1, 9,600." Tarehe 15: "Mama wa Ukunda, 9,600, M-Pesa." Mwandiko mmoja, kalamu moja, safu moja ya pesa. Mama wa Ukunda alichukua korija moja kwa mkopo, akaenda kuuza kwao, siku nane baadaye akatuma pesa. Korija ni moja, lakini daftari lamhesabu kanunua mbili.

Kila mtu hapa aijua ile methali ya mali bila daftari hupotea bila habari. Mama huyu daftari alikuwa nalo, limejaa, halikuacha siku hata moja. Tena kijana aliandika kwa uaminifu kila kilichopita mbele yake. Tatizo ni kwamba aliambiwa aandike mauzo, asiambiwe mauzo gani, na shangazi yake alisoma daftari hilo akiamini kitu ambacho wenye maduka wengi hukiamini, nami nikikikataa wanikubalia kwa dakika tano tu, kisha wanakirudia: kwamba daftari la mauzo laonyesha pesa ulizopata.

Halionyeshi. Daftari la mauzo ni la bidhaa ulizouza kwa mkopo, basi. Anayelipa papo hapo haingii humo, awe amelipa kwa noti au kwa simu. Anayekuja kulipa deni la wiki jana haingii humo pia. Hao wote ni wa daftari la fedha. Vitabuni haya huitwa majarida maalumu, na kanuni yake ni moja: tukio moja laandikwa kwenye daftari la mwanzo moja, mara moja. Ulichonunua kwa mkopo ili ukiuze, daftari la manunuzi. Mzigo uliorudi, daftari la marejesho. Pesa yoyote inayoingia au kutoka, daftari la fedha. Kilichokosa nyumba kati ya hizo huenda jarida la jumla. Ukiuza friji kuukuu la duka kwa mkopo, hilo ni la jarida la jumla, maana wewe si muuza friji, na ukiliweka kwenye mauzo ya leso utajidanganya kwamba mwezi ulikuwa mzuri.

Sasa tupange upya mwezi wa yule mama. Leso zilizouzwa kwa mkopo, 186,400. Zilizouzwa taslimu, 231,000. Madeni yaliyolipwa, 142,000. Jumlisha zote tatu na utapata ile 559,400. Mauzo ya kweli ni mbili za kwanza, 417,400. Pesa zilizoingia ni mbili za mwisho, 373,000. Na ile 186,400 "iliyoibiwa" ni mauzo ya mkopo ya mwezi mzima, hadi shilingi ya mwisho. Kijana alihukumiwa kwa kiasi kile kile alichoandika kwa mkono wake kwamba wateja wamekikopa. Nilipomwonyesha shangazi yake, alikaa kimya muda mrefu, kisha akaomba simu.

Huulizwa: kwa nini nitenganishe? Si niandike yote pamoja kisha niweke alama pembeni, M kwa mkopo, T kwa taslimu? Kwa duka lenye wakopaji watano kwa mwezi, ndiyo, daftari moja lenye safu kadhaa latosha, na sitakupotezea muda. Najua vitabu havisemi hivyo. Lakini duka la jumla lina ankara 40 au 50 za mkopo kwa mwezi, na daftari la mauzo lina kazi maalumu ya kulisha leja ya wadaiwa, kitabu chenye akaunti ya kila mteja anayekopa. Aliyelipa akaenda zake hana akaunti kwenye leja, humfuatilii, humwii kitu. Ukimtia humo wawaficha wale unaowawia.

Na hapa kwenye leja ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu ndipo watu waruka. Wengi waona leja ni kunakili daftari mara ya pili, kazi ya kuchosha isiyo na faida. Tazama kinachofanyika. Daftari lapanga mambo kwa tarehe. Leja yapanga mambo yale yale kwa mtu. Daftari likikwambia tarehe 7 ulikopesha 9,600, leja yakwambia Mama wa Ukunda alikuwa na deni la zamani la 4,000, akaongeza 9,600, akalipa 9,600, na leo bado wamwia 4,000. Hakuna daftari la mauzo duniani litakalokujibu swali hilo. Nalo ndilo swali atakalokuuliza akisimama mbele yako ataka korija nyingine.

Jinsi ya kuhamisha: siku ile ile ya ankara, akaunti ya mteja kwenye leja yaingizwa debiti, upande wa kushoto, na deni lake laongezeka. Mwisho wa mwezi, jumla ya daftari, zile 186,400, yaingizwa krediti, upande wa kulia, mara moja kwenye akaunti ya mauzo. Kila mwanafunzi niliyepata kumfundisha aliuliza, debiti ziko 40 na krediti ni moja, maingizo mawili, kila debiti na krediti yake, yako wapi? Yako. Krediti 40 zimefungwa fundo moja. Daftari lenyewe si akaunti, halina debiti wala krediti, ni mahali pa kukusanyia. Ndiyo sababu ukitoa urari, ile orodha ya kulinganisha debiti zote na krediti zote, tarehe 18 hautakaa sawa, na si kosa lako. Daftari la fedha ni tofauti, lenyewe ni daftari la mwanzo na hapo hapo ni akaunti ya fedha, kwa hiyo pesa haihamishiwi akaunti nyingine ya pesa. Nimeona watu wakifanya hivyo na kujikuta na benki mbili.

Kuna kasafu kembamba kwenye daftari la mauzo, ka ukurasa wa leja, ambako vijana hukaacha wazi kwa kuwa kaonekana hakana kazi. Nakasisitiza mpaka wanichoke. Ukishahamisha ankara, waandika hapo nambari ya ukurasa wa mteja. Pakiwa wazi, ankara haijahamishwa. Simu ikilia katikati ya kazi, kasafu hako ndiko kakwambiako ulifika wapi. Ukikajaza kabla ya kuhamisha, umekaharibu.

VAT haraka haraka: kama umesajiliwa, ongeza safu ya kodi. Leso za 10,000 zatoka na ankara ya 11,600 kwa asilimia 16. Mteja adaiwa 11,600, akaunti ya mauzo yapata 10,000, ile 1,600 ni ya serikali iko mkononi mwako kwa muda.

Kuna jambo ambalo mimi mwenyewe nalibadilisha kila mwaka. Mteja achukua doti mbili asubuhi, asema "nitakutumia jioni". Kitabuni huyo ni mkopo, aandikwe. Lakini wakiwa 10 kwa siku, na 9 wakatuma kabla ya magharibi, utajaza leja madeni ya saa sita. Zamani niliwaambia wateja wangu waandike wote. Sasa nasema: ambaye pesa yake haijaingia ukifunga hesabu ya siku ndiye mkopo. Sina uhakika kwamba ni sawa. Ankara ya jioni iliyosahaulika siku moja haina daftari lolote linaloikumbuka.

Na leja pia ina mahali isipokusaidia. Akaunti ya udhibiti, ile inayobeba jumla ya madeni ya wateja wote, hukagua jumla tu. Kuna wateja wawili wa jina moja, mmoja wa Likoni na mwingine wa Ukunda. Ukimwandikia wa Likoni deni la wa Ukunda, jumla zakaa sawa kabisa, udhibiti haukwambii lolote, na mama wa watu adaiwa mali ambayo hakuiona. Dawa yake ni kuwapelekea wateja taarifa ya hesabu zao kila mwezi, hata kwa WhatsApp. Wao ndio watakaokushtua.

Kijana alirudi Jumamosi. Mimi na yeye tulikaa na ankara, tukaupanga mwezi wote upya, daftari la mauzo huku, la fedha kule, leja katikati. Madeni ya mwanzo wa mwezi yalikuwa 58,200. Ongeza 186,400, toa 142,000, akaunti ya udhibiti yatoa 102,600. Tulipojumlisha wateja mmoja mmoja tukapata 99,400. Pamepungua 3,200. Tarakimu zikipinduliwa, 45 ikawa 54, tofauti hugawanyika kwa 9. Hii haigawanyiki, kwa hiyo huenda si hilo. Kiasi kikiwekwa upande usio wake, tofauti huwa mara mbili yake. Nusu ya 3,200 ni 1,600, na leja ndiyo iliyopungua, basi natafuta mauzo ya 1,600 yaliyowekwa krediti badala ya debiti. Mwezi ule una ankara nne za 1,600. Mbili tumeshazikagua, ziko salama. Kijana amebaki na mbili, na shangazi yake ameleta kiti amekaa kando yake, amsomea nambari za ankara.