Mwenye mkoba wa dawa si lazima ameleta hongo

Kwenye magrupu ya Kigoma, kuanzia Ujiji hadi Mwanga, unazunguka ujumbe wa siku nyingi: ukimwona ofisa mauzo wa kampuni ya dawa akiingia kwa daktari, dawa utakayoandikiwa ni ya hongo, usiinywe. Si kweli, na ushauri huo unaumiza wagonjwa.

Kazi ya ofisa huyo ni kunadi dawa ya kampuni yake. Anadaiwa malengo ya mauzo. Daktari ana foleni mlangoni, ndiyo maana mara nyingi hawaelewani. Zawadi kweli zinaweza kumshawishi daktari, na wasiwasi huo ni halali kabisa. Ila jina la kibiashara, yaani lile ambalo kampuni imeipa dawa yake, likiwa kwenye cheti cha dawa peke yake si ushahidi wa hongo. Watu huchanganyikiwa kwa kuwa wamemwona mtu na mkoba akipitishwa mbele ya foleni, kisha wao wakaandikiwa dawa ya jina geni na bei kubwa.

Hakiki hivi: soma maandishi madogo kwenye boksi. La Panadol, kwa mfano, lina neno paracetamol, ambacho ndicho kiambato, yaani kitu chenyewe kinachotibu, na kipimo, miligramu 500. Muulize mfamasia kama ipo ya kampuni nyingine yenye kiambato na kipimo hichohicho. Mara nyingi bei hushuka.

Usikatishe dozi kwa ujumbe wa simu kabla ya kuongea na daktari, na tafadhali usiusambaze.