Kitufe cha Kufuta Hakipo Dodoma

Ikizagaa video ya wauaji wenye itikadi kali, magrupu ya Mwanga na Ujiji, hapa Kigoma, huwa na wimbo mmoja: "Si serikali iifute tu?" Jamani, ifute kwa kitufe kipi? Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020 zilimpa mwenye leseni saa 2 za kuondoa maudhui akishaarifiwa. Za 2018 zilimpa 12. Hizo zinambana mwenye televisheni ya mtandaoni hapa kwetu. Video ikikaa kwenye seva za Facebook, TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, inaandika, Facebook ndiyo inafuta. Hata Umoja wa Ulaya, wenye sheria ya kuondoa maudhui ya kigaidi ndani ya saa 1 tangu Juni 2022 na faini inayoweza kufika asilimia 4 ya mapato ya kampuni duniani kote, unaamuru tu.

Neno linaloniudhi zaidi ni "imefutwa". Ipi? Baada ya mauaji ya misikitini Christchurch, New Zealand, Machi 15, 2019, ambayo muuaji aliyarusha mubashara, Facebook ilisema imeondoa nakala milioni 1.5 za video hiyo katika saa 24. Milioni 1.2 zilikwama zikipakiwa. Kwa hiyo laki tatu zilipenya kwanza.

Zinapenyaje? Mashine hutambua video kwa heshi, msimbo mfupi unaokokotolewa kutoka kwenye video, kama alama yake ya kidole. Heshi ya kawaida ukigusa piseli moja tu inabadilika yote, ndiyo maana kampuni hutumia heshi ya mwonekano, inayovumilia video iliyobanwa au kufifia. Lakini mtu akikata kingo, akaigeuza kushoto kulia, au akairekodi upya kwa simu kutoka kwenye skrini, tofauti huzidi kiwango kilichowekwa. Legeza kiwango hicho, utanasa hata taarifa ya habari inayofanana nayo. Heshi haisomi nia: kipande cha muuaji na kipande hichohicho mikononi mwa mpelelezi kwake ni kimoja. Mwaka 2017 mashine za YouTube zilifuta video nyingi za vita vya Syria zilizokuwa zimehifadhiwa kama ushahidi. Ndiyo maana hiyo saa 1 naisifu nusunusu; anayekimbizwa na saa hufuta kwanza, kufikiri baadaye.

Halafu lugha. Huku tuna Kiha, Kirundi, Kibembe na Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa. Mende wa jikoni ni mdudu. "Inyenzi", yaani mende kwa Kinyarwanda, wa redio ya RTLM ya Rwanda mwaka 1994 alikuwa Mtutsi, mtu wa kuuawa. Orodha ya maneno yaliyopigwa marufuku itamkamata muuza dawa ya mende sokoni, na mchochezi anayesema kwa mafumbo atapita anapiga mluzi.

WhatsApp ni habari nyingine: tangu 2016 ujumbe umefungwa kwa msimbo mwanzo hadi mwisho, hakuna wa katikati anayeuona. Ukiripoti grupu, WhatsApp hupokea jumbe tano za mwisho ulizopata kutoka humo. Basi ripoti mapema, kabla watu hawajazifukia kwa "amina" na "poleni".

Kwingineko, nakili linki ya chapisho lenyewe, si ya ukurasa. Taja dakika na sekunde, jina la akaunti, na kama maneno ni Kiha au Kirundi yatafsiri, kwani anayesoma huenda hajawahi kusikia lugha hiyo. Skrinshoti peke yake haitoshi, haina linki. Na video yenyewe usiipandishe stetasi "kuwaonya wengine": inabanwa upya, na hiyo ni nakala nyingine ya kutafutwa.