Maji ya Antaktika hayakugandishi papo hapo

Nimeulizwa tena, safari hii na kijana wa Mwanza anayetafuta kazi melini: "Si ukianguka baharini kule unaganda papo hapo?" Hapana! Imani hiyo inaniudhi kwa sababu inawafanya watu wahangaikie koti zito na kulidharau jaketi okozi.

Maji ya huko hufika nyuzi 1.8 chini ya sifuri bila kuganda, kwa ajili ya chumvi. Ukitumbukia, ngozi inapoa ghafla na mwili unavuta pumzi kubwa, utake usitake. Kichwa kikiwa chini ya maji wakati huo, unavuta maji. Kisha unahema mbio mbio, moyo unakwenda kasi, na mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kufa hapo hapo. Yote hayo ni mambo ya dakika ya kwanza, na joto la ndani ya mwili bado halijashuka. Ukiituliza pumzi, una kama dakika 10 za vidole kukutii: kushika kamba, kupuliza filimbi. Baada ya hapo mikono inagoma, hata ya aliyekulia ziwani. Kupoteza fahamu kwa baridi huchukua yapata saa nzima, kutegemea mwili wa mtu na nguo zake. Lakini nani ataifikia saa hiyo bila kitu cha kumweka uso juu ya maji?

Ndiyo maana nagombana na abiria anayelegeza mikanda ili kamera ikae vizuri kifuani. Jaketi lililolegea hupanda hadi masikioni, mwenyewe akabaki chini yake.

Kuhusu kumtoa mtu majini, vitabu vinataka atolewe akiwa amelala, kwa kuwa akiinuliwa wima presha inaweza kuporomoka. Sawa. Ila kwenye boti la mpira, mawimbi yanapiga, mtu mzito amelowa na wavutaji ni wawili, nina mashaka. Aliyekaa dakika tatu namvuta kwa mikanda ya mabega, upesi. Aliyekaa nusu saa namlaza, hata tukichelewa. Walio katikati ya hao ndio tunaobishania kila baada ya zoezi.

Akishaingia botini hasuguliwi, hatembezwi, hapewi pombe. Anabaki amelala, anakingwa na upepo, anafunikwa vizuri, na redio inaiambia meli iandae machela.