Usimamizi wa Data za Utafiti na Kazi ya Maktaba ya Chuo Kikuu

Usimamizi wa data za utafiti ni jumla ya maamuzi na kazi zinazofanywa ili data alizokusanya mtafiti zieleweke, zisipotee, zisiwadhuru watu waliozitoa, na ziweze kutumiwa na mtu mwingine hata baada ya mtafiti huyo kumaliza kazi yake na kuondoka. Data zinazokusudiwa hapa si takwimu peke yake. Ni majibu ya hojaji, sauti za usaili uliofanywa kwa Kiganda au Kiacholi, picha za majani ya muhogo, vipimo vya maabara, ramani, madaftari ya shambani yaliyopigwa picha, na pia programu ndogo alizoandika mtafiti ili kuchambua hayo yote. Wengi wakisikia dhana hii huwaza mara moja seva kubwa na umeme usiokatika, lakini mahali pa kuhifadhia ni sehemu ndogo ya jambo lenyewe. Ugumu uko katika kuhakikisha kwamba faili ikifunguliwa miaka kumi baadaye na mtu asiyemjua mtafiti, mtu huyo ataielewa bila kulazimika kumpigia simu mtu yeyote.

Ndiyo maana kazi hii imeangukia maktaba, na si idara ya kompyuta pekee. Wakutubi wamezoea kueleza kitu ili asiyekijua akipate, kukitunza kwa muda mrefu kuliko umri wa mradi wowote, na kukitoa kwa masharti. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Makerere, kwa mfano, imekuwa na hadhi ya kisheria ya kupokea nakala za machapisho ya Uganda tangu mwaka 1958, na leo inaendesha hazina ya kidijitali ambamo tasnifu na makala za wanachuo husomwa kwa intaneti. Vyuo vingine navyo vina hazina za aina hiyo, maktaba za vyuo vikuu nchini zina umoja wao unaojulikana kwa kifupi kama CUUL, na mtandao wa RENU, ulioanzishwa mwaka 2006, unaunganisha taasisi za utafiti na elimu. Msingi upo. Hata hivyo, kwa maoni yangu, hazina zetu nyingi bado zinajaa tasnifu zilizokamilika huku data zilizozaa tasnifu hizo zikibaki kwenye kompyuta za wenyewe, au kwenye flashi ambayo siku moja itasahauliwa kwenye mashine ya mchapaji.

Kazi ya mkutubi huanza kabla hata hojaji ya kwanza haijajazwa, kwa mpango wa usimamizi wa data. Huu ni waraka mfupi unaoeleza ni data gani zitakusanywa, zitapewa majina gani, nani atazifikia, zitahifadhiwa wapi, na zitatolewa kwa wengine lini na kwa masharti gani. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, zinazofadhili miradi mingi ya afya nchini Uganda, zimeutaka mpango huu katika maombi ya fedha tangu tarehe 25 Januari 2023, na zinapendekeza usizidi kurasa mbili. Kurasa mbili zinaonekana rahisi mpaka mtu akae kuziandika. Hapo mkutubi husaidia kwa kuuliza maswali ambayo mtafiti hakuyafikiria: je, fomu ya ridhaa inawaambia washiriki kwamba majibu yao yatatumiwa na watafiti wengine? Kama haisemi hivyo, hakuna seva duniani itakayorekebisha kosa hilo baada ya washiriki kurudi makwao.

Kinachofuata ni metadata, yaani maelezo yanayofuatana na data na kuzieleza, na hapa ndipo penye mambo mengi zaidi. Tuchukue jedwali la kawaida la utafiti wa kaya. Safuwima moja imeandikwa "s7b", na chini yake kuna tarakimu 1, 2, 1, 1, 99. Aliyekusanya anajua kwamba s7b ni swali la saba, sehemu ya pili, linalouliza idadi ya watoto walio chini ya miaka mitano, na kwamba 99 maana yake mhojiwa hakujibu. Mgeni hajui. Akipiga wastani wa safuwima hiyo atapata karibu watoto 21 kwa kila kaya, na kama jedwali lina maelfu ya mistari huenda asigundue, kwa sababu zile 99 chache zitaupandisha wastani kidogo tu na kuuacha ukionekana wa kweli. Dawa yake ni kitabu cha misimbo, yaani faili ndogo inayotaja kila safuwima, swali lililoulizwa neno kwa neno, lugha iliyotumika kuliuliza, kizio cha kipimo, na maana ya kila tarakimu. Mkutubi anayepokea data bila kitabu hicho ana haki ya kuzirudisha, na naamini anapaswa kuitumia haki hiyo mara nyingi zaidi.

Kuna maelezo ambayo hata kitabu cha misimbo hukosa, hasa yale yanayohusu mahali. Data zilizokusanywa mwaka 2015 zikisema "Wilaya ya Arua" zinataja eneo lililojumuisha sehemu ambazo baadaye zilitengwa na kuwa Wilaya ya Madi-Okollo mwaka 2019 na Wilaya ya Terego mwaka 2020, mwaka ambao pia mji wa Arua ulipewa hadhi ya jiji. Mtu akilinganisha Arua ya 2015 na Arua ya 2021 akaona idadi ya shule imepungua, anaweza kuandika makala nzima kuhusu kuporomoka kwa elimu Nile Magharibi wakati ambapo kilichobadilika ni mpaka tu. Kwa hiyo maelezo ya data za Uganda hayakamiliki bila kutaja mipaka ya wilaya ni ya mwaka gani, na ikiwezekana jina la kaunti ndogo na parokia.

Majina ya watafiti nayo yana matatizo yake. Akina Okello na akina Nakato ni wengi, ndugu wa baba mmoja huweza kutumia majina tofauti kabisa, na mtu yuleyule huandikwa jina la ukoo mbele katika makala moja na nyuma katika nyingine. Namba ya ORCID, yenye tarakimu 16 na inayotolewa bure tangu 2012, humtambulisha mtafiti bila kujali jina limeandikwaje. Seti ya data nayo hupewa kitambulishi cha kudumu kiitwacho DOI, ambacho huanza na 10, ili anwani ya tovuti ikibadilika bado ipatikane na iweze kunukuliwa kama makala inavyonukuliwa.

Kanuni zinazotajwa zaidi katika fani hii zilichapishwa mwaka 2016, na zinataka data ziweze kupatikana, kufikiwa, kusomeka pamoja na data nyingine, na kutumika tena. Ni kosa la kawaida kudhani kwamba kufikiwa maana yake ni kuachwa wazi kwa kila mtu. Data za wagonjwa zinaweza kufungwa kabisa na bado zikatimiza kanuni hizo, mradi maelezo yake yaonekane hadharani na utaratibu wa kuziomba uwe umeandikwa. Kwa Uganda suala hili lina uzito wa kisheria, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya, imani ya dini na msimamo wa kisiasa, miongoni mwa nyingine, kuwa taarifa binafsi za kipekee zinazohitaji uangalifu zaidi. Tena kufuta majina hakutoshi. Mstari unaosema "mkunga, mwanamke, miaka 52, ana pacha", pamoja na jina la kijiji, hauna jina la mtu, lakini mkazi yeyote wa kijiji hicho atasema ni nani kabla hujamaliza kuusoma. Mkutubi aliyefunzwa atashauri umri uwekwe katika makundi, kijiji kibadilishwe kuwa wilaya, na maelezo ya nadra kama ya pacha yaondolewe, huku nakala kamili ikifungiwa mahali pengine. Kila hatua ya namna hiyo hupunguza kidogo manufaa ya data, na uamuzi wa kiasi gani kipunguzwe si wa mkutubi peke yake bali wa mtafiti na kamati ya maadili pia.

Faida ya taabu yote hii inaonekana katika picha za muhogo. Mwaka 2020 seti ya picha 21,367 za majani ya muhogo, nyingi zikiwa zimepigwa na wakulima wa Uganda katika mashamba yao wenyewe, iliwekwa hadharani katika shindano la kimataifa la Kaggle, tovuti ya mashindano ya uchambuzi wa data. Wataalamu wa taasisi ya utafiti wa mazao ya Namulonge, wakishirikiana na maabara ya akili mnemba ya Makerere, walikuwa wameweka kila picha katika kundi lake: magonjwa manne, yakiwemo batobato na michirizi kahawia, na kundi la tano la majani yasiyo na ugonjwa. Watu ambao hawajawahi kuona shamba la muhogo waliweza kutengeneza programu za kutambua magonjwa hayo. Bila lebo hizo, picha zingebaki kuwa rundo la majani ya kijani.

Kuhusu uhifadhi wenyewe, kanuni ni fupi: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali na jengo. Moto ulioteketeza sehemu ya Jengo Kuu la Makerere Septemba 2020 uliwakumbusha wengi kwa nini ile nakala ya tatu ni muhimu. Faili nazo ziwekwe katika miundo isiyotegemea programu ya kampuni moja, jedwali likiwa CSV na sauti ikiwa WAV.

Si kila kitu, hata hivyo, kinastahili kutunzwa milele, na hii ni kazi ya maktaba inayozungumzwa kidogo mno. Video ghafi za usaili hula nafasi nyingi, seva zinanunuliwa kwa fedha za chuo, na mradi ukiisha mfadhili halipi tena. Mkutubi na mtafiti hukaa pamoja kuamua nini kibaki, kwa miaka mingapi, nini kipelekwe katika hazina ya kimataifa ya fani husika, na nani atajibu maombi ya kuzifikia data zilizofungwa iwapo mtafiti amehama au amestaafu. Jina la ofisi huandikwa hapo badala ya jina la mtu, na mara nyingi ofisi hiyo huwa maktaba.