Muungano wa nyuklia: joto tumelipata, umeme bado

Desemba 5, 2022, maabara ya Livermore huko California ilielekeza miale 192 ya leza kwenye kidonge cha haidrojeni chenye upana wa takriban milimita 2, ili viini vya atomi zake viungane na kutoa nishati: huo ndio muungano wa nyuklia. Iliingia nishati ya megajuli 2.05, ikatoka 3.15. Dunia ikashangilia, na ilikuwa na haki. Ila leza hizo zilikuwa zimevuta takriban megajuli 300 kutoka kwenye gridi.

Hapo ndipo sisi wataalamu tunapopishana na wananchi. Tukisema "faida", tunalinganisha nishati iliyofika kwenye fueli na iliyotoka humo. Mlipa bili anaanza kuhesabu kwenye mita, na hesabu yake ndiyo ya biashara.

Chukua JET, mtambo wa majaribio ya muungano uliokuwa Uingereza. Mwaka 2023 ulizalisha megajuli 69 kwa sekunde 5 hivi, kwa miligramu 0.2 tu za fueli. Ni ajabu ya kisayansi, lakini joto hilo linatosha kuchemsha pipa moja la maji la lita 200. ITER, mtambo mkubwa zaidi wa majaribio unaojengwa Ufaransa, unakusudiwa kutoa megawati 500 za joto kwa kila 50 zinazoingizwa kwenye plazma, yaani gesi ya fueli iliyopashwa joto kali mno. Fueli yake kamili, mchanganyiko wa aina mbili nzito za haidrojeni, imepangwa kuwashwa 2039, na hata hapo haitazalisha umeme.

Kinachoninyima usingizi zaidi ni moja ya aina hizo, tritiamu, ambayo nusu yake huoza kila baada ya miaka 12.3. Megawati 1,000 za joto la muungano, mwaka mzima, zinateketeza kilo 55 hivi. Akiba yote ya kiraia duniani haifikii hapo. Kwa hiyo kinu lazima kijizalishie chenyewe: nyutroni (chembe ya kiini cha atomi) inayoruka kutoka kwenye plazma igonge lithiamu iliyo ukutani, tritiamu izaliwe. Kila muungano unatumia tritiamu moja na kutoa nyutroni moja, na nyingine zitapotelea kwenye chuma. Ndiyo maana huongezwa metali ya berili au ya risasi ili nyutroni ziongezeke. Hakuna kinu ambacho kimewahi kufunga mzunguko huo.

Nyutroni hizohizo hubeba asilimia 80 ya nishati na huuchakaza ukuta wenyewe, kwa hiyo sehemu zake zitabidi zibadilishwe na roboti, mtambo ukiwa umezimwa.

Basi kampuni ikitangaza mwaka wa kuuza umeme, mimi huuliza kwanza: kilo za tritiamu za kuanzia zitatoka wapi, na ukuta utabadilishwa kila baada ya miezi mingapi?