Babu Dokta hakuwa "mpole tu"

Msibani walilisema. Kwenye arobaini wakalirudia. Wiki iliyopita likaja tena kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, limebandikwa chini ya picha ya mshumaa: "Babu Dokta hakuwa mtu wa vipimo, maswali mengi kama polisi, lakini alikuwa mpole, ndiyo maana wagonjwa walimpenda." Nikaweka emoji ya mikono miwili ili amani itawale. Jibu langu halisi ni hili.

Kinachonikera ni hiyo "lakini". Yaani kichwani mzee alipungukiwa, moyo ukafidia. Kauli hiyo ni ndugu wa ile ninayoisikia kliniki kila leo: "Daktari ananiuliza mimi naumwa nini, kwani daktari nani hapa?"

Historia yake ni fupi. Alihitimu Muhimbili miaka ya 1970, shule ikiwa bado kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akapangiwa wilayani. Sheria ya 1977 ilipiga marufuku tiba binafsi ya biashara hadi iliporuhusiwa tena 1991, kwa hiyo wengi waliobaki nchini walibaki serikalini. Alibaki huko mpaka alipostaafu.

Sasa watu husema aliuliza sana kwa kuwa enzi zake mashine hazikuwepo. Si kweli. Mimi nilikuwa intern chini yake miaka yake ya mwisho kazini. Maabara ilikuwepo, FBP, yaani picha kamili ya damu, ilitoka siku hiyohiyo. Bado aliuliza. Alikitoa kiti nyuma ya meza na kukiweka upande wa mgonjwa. "Pole sana. Ilianzaje?" Halafu kimya, kalamu chini. Mgonjwa akimaliza: "Kingine?" Akimaliza tena: "Na kingine?" Hapo ndipo yalipotoka mambo ya ndani, mume aliyehama, dawa za kienyeji, damu chooni. Kisha alimsindikiza mgonjwa hadi mlangoni. Tulidhani ni heshima, na ilikuwa heshima, ila pia alijua kinachotokea mtu akishashika kitasa: "Dokta, kuna kakitu kadogo nilisahau." Mara nyingi hako kadogo ndiko kalikomleta.

Alikuja mama mmoja mwenye homa ya kwenda na kurudi, jasho la usiku, kiuno kinamuua. Daftari lake lilikuwa limejaa: malaria, taifodi, UTI, malaria, taifodi. Mzee hakumuuliza homa ni kali kiasi gani. Alimuuliza nyumbani wanafuga nini. Mbuzi. Wanaendeleaje? Wametupa mimba, wawili. Nani aliwavuta vitoto? Yeye, kwa mikono mitupu. Maziwa mnachemsha? Akacheka: ya mbuzi hayachemshwi, yanapoteza ladha. Ndipo mzee alipoandika kipimo, kimoja, cha brusela, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu, na kikamuunga mkono. Mama akatumia dawa wiki sita. Kwa hiyo tuache kusema hakuwa mtu wa vipimo. Alipima akishajua anatafuta nini.

Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie. Mtu anaingia na karatasi: "Nimekutwa na malaria tatu na taifodi." Tatu za nini? Na hiyo taifodi ni Widal, kipimo cha mwaka 1896 kinachotafuta kingamwili, ambazo zinaweza kuwa za ugonjwa wa zamani au za vimelea vingine kabisa. Ukitaka kuijua taifodi kwa uhakika, otesha damu maabara uone kama vimelea vitaota. Moshi kulifanyika utafiti wa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa mwaka 2007 na 2008. Waliopewa jina la malaria walikuwa 528. Waliokuwa nayo kweli ni 14. Magonjwa yatokanayo na wanyama, brusela ikiwemo, yaliizidi malaria kwa mbali. Sasa niambie ni mashine gani itakayogundua kwamba mama amezalisha mbuzi.

Uingereza waliupima usikilizaji wenyewe. Mwaka 1975 daktari aitwaye Hampton na wenzake walifuata wagonjwa wapya 80 wa kliniki. Kwa 66 kati yao, barua ya rufaa pamoja na maelezo ya mgonjwa vilitosha kutoa utambuzi uliokuja kusimama mpaka mwisho. Nawafundisha wanafunzi namba hizo, ila nina wasiwasi nazo. Wale walikuja na barua iliyoandikwa na daktari aliyewajua. Wangu huja na boksi tupu la dawa ya duka la mtaani. Sina hakika kwamba 66 ile ingefika hapa, na vitabu haviniambii.

Upande wa familia nako wanamsoma vibaya. Wanasema alipenda watoto wake "ingawa" hakuwahi kuwatibu. Mwanawe akipata homa alimpeleka OPD, kwa wagonjwa wa nje, wakakaa benchi, wakaonwa na mwenzake. Ndugu waliona ni roho mbaya, dokta gani anapanga foleni na mwanawe? Lakini ukimpenda mtu hutaki kumuuliza maswali yanayomwaibisha, na ugonjwa unaoogopa kuukuta huutafuti. Mkewe alipougua alishika faili kama mume yeyote, na daktari kijana aliyewahudumia hakujua kwamba yule mzee wa kofia ni daktari mpaka siku ya tatu. Sheria hiyo ya kutotibu wa kwako naiamini, japo najiuliza alifanyaje kule wilayani alipokuwa daktari peke yake. Lazima aliivunja. Hakuwahi kuniambia.

Baada ya kustaafu majirani walihamia barazani kwake na vyeti vyao vya hospitali. Alivisoma vyote, mjukuu mmoja gotini, mwingine akimpima joto mgongoni kwa kijiko. Dawa hakuandika tena. Aliuliza, halafu akasema nenda hospitali, waambie hivi na hivi. Nimewapokea hao. Walikuja na maelezo yaliyonyooka kuliko barua nyingi za rufaa ninazoletewa.

Mnaniuliza kwa nini na mimi sifanyi hivyo. Jumatatu foleni inafika getini. Nakata maswali, nakiri, na sijui yeye angeiwezaje foleni hii. Pengine naye angekata. "Kingine?" siikati, hata chakula cha mchana kikipita. Ile ya mlangoni imenishinda: chumba kimoja tuko madaktari wawili, na mlango wenyewe haufungi, kwa hiyo mgonjwa akishika kitasa, foleni nzima inamsikiliza.